Tawi la Pili

Mti wa mphafa, wenye miiba, uliosimama kando ya zizi la kina Mchunu ulikuwa na majeraha mawili ya matawi yaliyokatwa. Inspekta Nokukhanya Cele aliyaona akiwa bado nje ya lango, maana kule mtu haingii kwa watu kama anayeingia dukani. Unasimama, unaita ukoo, unasubiri, na kama una macho, huko kusubiri kunakulipa. Jeraha moja lilikuwa limekauka na kuwa jeusi. La pili lilikuwa bichi, bado linatoa utomvu.

"Mchunu! Macingwane!" aliita ukoo na jina lake la heshima.

"Kwa sauti hiyo, Ndosi, hata marehemu atatoka," alisema Konstebo Hadebe nyuma yake, akimtaja kwa jina la heshima la ukoo wake. Hadebe alikuwa dereva wake, mtu wa hamsini na ushee, shemasi wa kanisa, mwenye tumbo na maoni. Kwapani alikuwa amebana mfuko wa karatasi.

"Atoke basi. Nina maswali ya kumwuliza."

Marehemu aliitwa Velaphi Mchunu, mwongoza watalii, na mfuko ule ulikuwa na nguo zake. Wiki tatu zilizopita, Jumatatu asubuhi, alikutwa kifudifudi kwenye mchanga, hatua chache kutoka mashua ya mzee Pregasen Govender, anayewapeleka wageni kutazama viboko pale mto unapoingia baharini. Wiki moja kabla, wawili hao walikuwa wamegombana mbele ya watu kwa sababu Velaphi alichelewesha wageni, na Govender akaapa kwamba siku moja atampasua kichwa. Kichwa kikapasuka kweli. Inspekta Cele alimkamata kwa mkono wake mwenyewe. Tangu siku ile mke wa Govender alifika kituoni kila mchana na wali na dengu, akaketi kwenye benchi, hasemi na mtu. Jumatatu ijayo Govender angesomewa shtaka la mauaji. Leo ilikuwa Alhamisi, na inspekta alikuwa amesahau usingizi mzuri ulivyo.

Mlango wa nyumba ya msonge ulifunguka. MaNgubane, mama wa marehemu, aliwapungia mkono waingie. Walivua viatu, Hadebe akaketi upande wa kulia, inspekta upande wa kushoto, wa wanawake, kila mmoja akapewa kikombe cha mahewu, togwa baridi ya mahindi. Ndani kulinukia moshi na kinyesi cha ng'ombe kilichosiribwa sakafuni, na mwanga uliingia kidogo tu, kama unaomba ruhusa.

"Tumekuletea vitu vya Velaphi, mama," alisema inspekta.

MaNgubane alitoa kimoja kimoja. Buti. Suruali. Shati. Sweta. Halafu sweta ya pili. Hiyo aliishika muda mrefu.

"Hizi alikuwa amezivaa?"

"Moja juu ya nyingine, mama. Tukadhani upepo wa bahari wa alfajiri."

"Mwanangu, wewe ni mtu wa wapi? Novemba hii? Hapa usiku tunalala mlango wazi. Hizi nilimfumia za milimani, akiwa na wageni wake. Akirudi, akifika mto Thukela tu anazivua, anazitupa nyuma ya kombi." Aliikunja sweta taratibu. "Na darubini yake?"

"Hatukuipata. Tulimwuliza Govender, akasema hajaiona."

"Velaphi analala nayo shingoni."

Inspekta aliandika: sweta mbili, darubini.

"Tena hajafika," alisema MaNgubane.

"Nani, mama?" Hadebe aliuliza.

"Mwanangu. Kaka yake alikwenda kuichukua roho yake kabla hatujazika. Alifika pale mchangani na tawi, akamwita, akarudi nalo, tukachinja mbuzi. Lakini tawi lilikuwa jepesi. Mama anajua. Tangu hapo ananijia kila usiku, amesimama kwenye ukungu, anajikunyata. 'Mama, huku baridi.' Baharini kuna baridi gani? Jana nikamwambia huyo kaka yake, Mzikayise: ama hukumwita vizuri, ama hukumwita pale alipo. Akalia. Mtu mzima vile, akalia kama mtoto. Leo saa moja kakata tawi jingine, kaondoka. Haongei na mtu, kama inavyotakiwa."

"Amekwenda wapi?"

"Si baharini? Kwingine wapi?"

Nje, jua lilikuwa limeanza kuuma. Inspekta Cele alisimama mahali ambapo kombi ya Mzikayise huegeshwa. Palikuwa patupu. Kutoka pale, bahari ilisikika.

"Siku ile ya kwanza alikwenda kwa miguu," alisema. "Nilimwona mwenyewe, nikampisha njia. Leo kombi ya nini?"

"Uvivu," alisema Hadebe.

"Twende kituo cha mafuta."

Khonzaphi, mama aliyekuwa zamu pale njia panda, hakuhitaji kuulizwa mara mbili.

"Mzikayise? Nimemhudumia si muda! Leo bubu. Kanionyesha kwa kidole, jaza. Nikaona tawi limelala kitini, limefunikwa shuka, nikafunga mdomo wangu. Mtu wa tawi hasemeshwi, najua mila. Lakini tangi zima, dada'ngu? Bahari iko hapo! Hata gari likizimika unalisukuma kwa tako."

"Kapinda wapi?"

"Kulia. Ya milimani."

Hadebe alitia gia na kupinda kulia. Kwa kilomita kadhaa palikuwa na miwa tu, pande zote mbili, ikiyumba pamoja.

"Mimi ni mtu wa Biblia, Ndosi," alianza. "Hizi habari za kubeba mtu kwenye tawi..."

"Huna haja ya kuamini, Bhungane," alisema inspekta, naye akimtaja kwa jina la ukoo wake. "Inatosha kwamba yeye anaamini. Mtu anaweza kudanganya polisi, akamdanganya hakimu, akamdanganya mama yake. Lakini roho inachukuliwa pale ilipotoka, si pale mwili ulipotupwa. Ukienda pengine, unarudi na kuni."

Hadebe akakaza usukani. Kumnyamazisha Hadebe si kazi ndogo.

Inspekta alifungua jalada mapajani. Ndugu hao wawili walifanya kazi pamoja, Velaphi akiongoza wageni, Mzikayise akiendesha. Safari yao ya mwisho iliishia milimani Jumapili; wageni wakachukuliwa na basi jingine kwenda Johannesburg, wao wakarudi pwani na kombi tupu. Walifika usiku, Velaphi akaamka alfajiri kwenda ufukweni. Ndivyo maelezo yalivyosema. Sasa aliyasoma upya akitafuta ni nani mwingine aliyemwona Velaphi akirudi. Hapakuwa na mtu. Mama yao alikuwa amelala. Maelezo yote yalitoka kwenye mdomo mmoja.

Ripoti ya daktari: kichwa kimegonga jiwe, hakuna maji ya chumvi mapafuni. Jiwe, ilhali alikutwa mchangani; na ripoti hiyo alikuwa nayo kwa majuma mawili. Aliona aibu, akafungua ukurasa wa mwisho ili asiitazame aibu hiyo, akakuta nakala ya kitabu cha matukio cha kituo, ambayo karani aliibandika kwa sababu tu ya jina. *Jumamosi, saa mbili usiku. Simu. Mchunu, mwongoza watalii. Ana habari ya kifaru aliyekatwa pembe. Atakuja Jumatatu.*

"Bhungane. Yule kifaru jike aliyeuawa mwezi uliopita. Walisema nini watu wa hifadhi?"

"Kwamba aliyewaonyesha wawindaji njia anaijua hifadhi kama uani kwake. Kila wiki anapita." Hadebe alifikiri kidogo. "Kama dereva wa wageni."

"Kikulacho ki nguoni mwako," alisema inspekta, akafunga jalada.

Walivuka Thukela, mto mpana wa rangi ya chai ya maziwa, wakapanda vilima vya miiba. Nyuma ya ua wa shamba moja la wanyama twiga walisimama bila kutikisika, shingo zao zimezidi miti, mpaka mtu akajiuliza kama wako macho. Joto lilipungua. Halafu, bila kutangazwa, milima ya uKhahlamba ilikuwa imesimama mbele yao, buluu juu ya buluu, na mawingu yakishuka kwenye mabonde taratibu kama watu wazima wanaoshuka ngazi. Hadebe alizaliwa chini ya milima ile. Alianza kuendesha polepole bila kuambiwa.

"Nikiwa mdogo," alisema, "nilidhani dunia inaishia hapa. Sijawahi kusahihishwa vya kutosha."

Kombi ilikuwa imeegeshwa penye lango la hifadhi ya mlima, vioo vimejaa umande. Mlinzi wa lango, mtu mwembamba aliyejifunga blanketi, aliwasukumia daftari la wapandaji akilalamika.

"Mwambieni mtu wenu ajifunze kuandika. Tazama. Wanaoingia: mmoja. Wanaotoka: wawili. Nimemwambia, baba, umekosea. Ananitazama tu."

Inspekta Cele alilitazama lile neno *wawili* mpaka herufi zikaanza kuogelea. Kisha akalipiga picha, akaandika saa: saa sita na dakika arobaini.

Njia ilikuwa nyembamba, nyasi zimelowa pande zote. Ukungu ulikuja ukawala miguu, kisha kiuno, kisha wao wote. Walitembea bila kuonana, kila mmoja akifuata pumzi ya mwenzake. Kijito kililia mahali fulani kushoto, kisha kulia, ingawa hawakukivuka. Inspekta aliona kama ameshawahi kupita hapo, na hakuwa amepita. Alikuwa anaogopa, na hakujua anaogopa nini.

Hadebe ndiye aliyemshika mkono. Mbele, ndani ya weupe ule, mtu alikuwa anaongea.

"Velaphi. Mchunu. Macingwane. Ni mimi, kaka yako. Nimekuja tena."

Ukungu ulifumbuka kidogo. Mzikayise alikuwa amepiga magoti kwenye ukingo wa jabali, tawi mkononi, miiba imemtoboa vidole, damu kidogo. Alilishusha tawi mpaka majani yakagusa jiwe.

"Mara ile nilikuita baharini. Nilikudanganya, nikamdanganya na mama. Hukuwa kule, ulikuwa hapa. Ulisema utanitaja kwa ajili ya yule kifaru, nikakusukuma. Sikutaka uanguke, ndugu yangu. Lakini nilikusukuma, na ulianguka. Nilikubeba mgongoni mpaka kwenye kombi, kama nilivyokuwa nakubeba kuvuka mto ukiwa mdogo. Mwili nikaupeleka. Wewe nikakuacha na baridi." Aliliinua tawi kutoka kwenye jiwe. "Inuka sasa. Mama anakungoja. Twende nyumbani."

Alisimama, akageuka, akawaona.

Hakukimbia. Hakufungua mdomo. Hadebe alikuwa ameshatoa pingu, zikalia kidogo kwenye baridi ile. Inspekta Cele alimwekea Hadebe mkono kifuani.

Utaratibu aliujua. Mtuhumiwa anakamatwa palepale, anaelezwa haki zake, anaulizwa. Lakini anayebeba tawi akisemeshwa na kujibu, aliyebebwa hubaki njiani, na mama mmoja pwani angeendelea kuota mwanawe akitetemeka mpaka kufa kwake. Alijua pia kwamba wakubwa wake wangemwuliza kwa nini, na kwamba hakuwa na jibu linaloingia kwenye fomu.

"Mzikayise Mchunu," alisema, "uko chini ya ulinzi kwa kifo cha ndugu yako. Una haki ya kunyamaza, na nakuomba uitumie. Sikuulizi neno mpaka umfikishe. Ila utapanda gari langu, si lako."

Mzikayise aliinamisha kichwa.

Hadebe alishuka chini ya jabali kwa matako na sala. Alirudi baada ya robo saa akiwa amelowa mpaka mapajani, na katika leso yake kulikuwa na darubini, mkanda umekatika, kioo kimoja kimepasuka, herufi V.M. zimekwaruzwa ubavuni kwa msumari. Inspekta aliipiga picha, akaitia kwenye mfuko wa ushahidi, akaandika mahali na saa.

Penye gari, Mzikayise aliingia nyuma na tawi lake. Hadebe alizunguka upande wa pili. Alifungua mlango wa nyuma ambao hapakuwa na mtu wa kuuingia, akasimama pale akitazama milima, akakohoa, akahesabu labda mpaka kumi, kisha akaufunga polepole kama anayefunga mlango wa chumba cha mgonjwa. Inspekta alijifanya anasoma simu. Aliizima redio ya polisi.

Wakateremka. Kila penye daraja Mzikayise alisema, si kwao: "Velaphi, tunavuka." Kila penye kona kubwa: "Velaphi, tunapinda, usiachwe." Hadebe alipunguza mwendo kila mara. Dukani alishuka kununua chakula, akarudi na pai nne.

"Tuko watatu," alisema inspekta.

"Hesabu yangu mbaya tangu shule," alisema Hadebe, akaiweka ya nne kwenye kiti kitupu.

Walipokaribia Thukela inspekta alimpigia simu mwendesha mashtaka. Alizungumza kwa sauti ya chini, akiwa amegeukia dirisha.

"Govender hakuua. Ndiyo, nina ushahidi. Hapana, si makosa ya kituo. Ni mimi. Nilimkamata mtu kwa sababu ya maneno ya hasira. Naomba asilale ndani leo." Alisikiliza. "Basi mwambieni mkewe, kama bado yuko kwenye benchi."

"Velaphi," Mzikayise alisema nyuma yake, "tunavuka Thukela. Huwa unavua sweta hapa."

Kisha miwa ikarudi, pande zote mbili, mpaka waliponusa bahari.

Jua lilikuwa linazama nyuma ya miwa walipofika. Inspekta alisimama langoni, akaita ukoo, akasubiri, kama asubuhi. Mzikayise alipita kati ya ng'ombe, akaingia kwenye msonge, akaenda moja kwa moja mpaka umsamo, ile sehemu ya nyuma kabisa ambako hukaa waliotangulia. Akapiga magoti, akalilaza tawi.

"Umefika, Velaphi. Hapa ni nyumbani."

MaNgubane alitambaa mpaka pale, akaweka kiganja juu ya majani. Nje ndama alilia mara moja akanyamaza. Mabega ya mama yule yakashuka, kama mtu aliyetuliwa mzigo wa maji kichwani.

"Ni yeye," alisema. "Mzito." Alilipapasa tawi, kisha akatoa mkono. Majani yalikuwa na umande, na pwani mvua haikuwa imenyesha wiki nzima. Alimtazama mwanawe mkubwa.

"Mzikayise. Sasa unaweza kuongea. Ulimkuta wapi?"

Inspekta Cele alisimama mlangoni bila viatu, pingu mkononi. Maswali yote aliyokuwa ameyaandaa njiani yalikuwa ndani ya lile moja.

Mzikayise alibaki amepiga magoti kando ya tawi.

"Milimani, mama," alisema. "Pale nilipomwacha."

MaNgubane hakulia. Alizitazama zile sweta mbili zilizokunjwa ukutani, akalitazama tawi, akamtazama mtoto aliyebaki, mikono yake yenye damu ya miiba. Kisha akageuka mlangoni.

"MaCele, mwanangu," alisema. "Mmoja nimempokea sasa hivi. Nipe nafasi nimuage mwingine."

Inspekta alirudisha pingu mfukoni, akaketi upande wa kushoto, wa wanawake, akasubiri.